Kufuatilia maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliosimama: ni nini na kwa nini

Mgodi wa chini ya ardhi ukisimama, yani mashine zimezimwa, wachimbaji wameondoka na mwenye mgodi anasubiri bei ipande au anatafuta mnunuzi, watu wengi wanadhani na maji nayo yametulia. Hayajatulia. Kufuatilia maji maana yake ni kupima tena na tena, sehemu zile zile, maji ya chini ya ardhi kupitia visima vya uangalizi na maji ya juu kama vijito, mito na chemchemi, ili ijulikane mgodi unayabadilisha kiasi gani na kwa kasi gani.

Kazi ikiendelea, pampu zinavuta maji nje muda wote, kwa hiyo usawa wa maji ardhini unashuka. Pampu zikizimwa yanaanza kupanda taratibu na kujaza njia za chini, inaweza kuchukua miaka. Sasa kwenye makaa na miamba yake mara nyingi kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa, na kipindi chote njia zilipokuwa kavu hewa ilikuwa inaila na kuacha chumvi kwenye kuta. Maji yakipanda yanaziosha zile chumvi zote, yanabeba asidi, chuma, manganizi (madini mengine ya metali) na salfeti (chumvi ya salfa), ndo maana maji ya kwanza kutokea juu huwa mabaya kuliko ya baadaye. Mgodi wa Wheal Jane kule Cornwall, Uingereza, ulikuwa wa bati sio makaa, lakini somo ni lile lile: pampu zilizimwa 1991, na Januari 1992 maji machafu ya rangi ya chungwa yakafumuka hadi mtoni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuangalia kisimani ni usawa, kabla hata ya kemia. Ukiona unapanda kila mwezi unaweza kukadiria yatatokea juu lini na wapi, na hapo bado kuna muda wa kujenga sehemu ya kuyasafisha. Sampuli nayo ina utaratibu wake: huchoti tu yale yaliyolala kwenye bomba, unapampu kwanza mpaka joto, pH (kipimo cha uasidi) na upitishaji umeme vitulie ndo ujaze chupa. Maji yenye chuma yakitoka chini yanaweza kuwa meupe kabisa, ukayaacha kwenye chupa wazi yakakutana na hewa yanageuka manjano halafu kutu inatua chini. Ndo maana pH inapimwa pale pale, na maji ya kupima chuma iliyoyeyuka yanachujwa na kutiwa asidi kidogo kabla ya kwenda maabara, la sivyo chuma kinaganda njiani na majibu yanakuja ya uongo.

Mtoni unapima kabla mto haujafika mgodini na baada ya kuupita, tofauti ndo inayosema. Lakini bila kupima mtiririko unajidanganya. Kiangazi mto una lita 10 kwa sekunde na chuma miligramu 2 kwa lita, hiyo ni kama kilo 1.7 kwa siku. Masika mto una lita 100 na chuma nusu miligramu, mtu anasema afadhali, kumbe ni kilo 4.3 kwa siku.

Na pH ikiwa nzuri usishangilie haraka. Kama kuna mawe ya chokaa asidi inazimwa na chuma kinatua, ila salfeti kwa kawaida inabaki kwenye maji, kwa hiyo ikiwa inapanda wakati pH iko pale pale ujue maji ya mgodi yanafika.

Yote haya yanahitaji vipimo vya kabla ya uchimbaji, vilivyochukuliwa misimu yote, maana bila hivyo kila mabadiliko yataambiwa ni mvua tu. Marekani, sheria ya 1977 ya uchimbaji makaa na kanuni zake zinataka maji yapimwe angalau kila miezi 3, na kusimamisha kazi kwa muda hakumwondolei mwenye mgodi wajibu huo. Naona ni sawa kabisa, kwa sababu kijiji kinachokunywa maji ya mto uliokwisha kupita mgodini hakijasimamisha kunywa.