Ushahidi wa fedha katika viza ya mwanafunzi: maana yake hasa

Ushahidi wa fedha ni nyaraka anazowasilisha mwombaji wa viza ya masomo kuonyesha kwamba ada na gharama za kuishi katika nchi anayokwenda zimeshapatikana, zimehifadhiwa mahali panapotambulika, na zinaweza kutumika pindi zitakapohitajika. Kila kipande cha maana hiyo kina uzito wake, lakini wazazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hushika kile cha kwanza tu, yaani kupatikana kwa fedha, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Tuchukue mzazi wa Mafinga, wilayani Mufindi, mwenye ekari ishirini za misindano iliyokaribia kuvunwa, pamoja na vyumba kadhaa vya kupangisha mjini. Kwa kipimo cha Mufindi huyu ni mtu mwenye uwezo, na hakuna jirani atakayebisha. Afisa wa viza, hata hivyo, halioni shamba; anaiona taarifa ya benki yenye mhuri, na katika taarifa hiyo macho yake hutua kwenye safu ya salio. Miti ni mali, tena mali nzuri, ila haiwezi kumlipia mwanafunzi kodi ya chumba mwezi Oktoba. Hati ya shamba na mkataba wa mauzo ya mbao vitasaidia kueleza fedha ilikotoka, jambo ambalo ni muhimu pale akaunti iliyokuwa na laki mbili inapopokea milioni arobaini kwa siku moja, lakini havichukui nafasi ya fedha yenyewe.

Uingereza ndiyo inayoonyesha wazi zaidi kwamba muda nao ni sehemu ya ushahidi. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, mwanafunzi anayekwenda kusoma nje ya London anatakiwa kuwa na pauni 1,171 kwa kila mwezi wa masomo, na wa London pauni 1,529, kwa miezi isiyozidi tisa, juu ya ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa. Kiasi hicho chote kinapaswa kukaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Salio likishuka chini ya kiwango kwa siku moja tu, hesabu huanza upya. Kwa kuwa thamani hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya maombi, anayehifadhi shilingi zinazotosha bila ziada yoyote anaweza kujikuta amepungukiwa ilhali hajatoa hata senti.

Siku 28 si nyingi kwa mtumishi wa mshahara, lakini kwa mkulima ni jambo jingine. Anayeanza masomo Septemba ana nafuu, kwa sababu mahindi ya Mbeya na Rungwe yanavunwa katikati ya mwaka na fedha huwa ipo wakati maombi yanapoandaliwa. Anayeanza Januari huomba viza Novemba au Desemba, mvua zikiwa zimeanza na kila mtu akitafuta mbolea. Kumwambia mzazi aache milioni kadhaa zilale benki msimu huo, huku jirani zake wakipanda, ni kumwomba jambo zito, na anayemshauri mwanafunzi anapaswa kulisema hilo mapema badala ya kulificha nyuma ya neno "utaratibu".

Kuna pia suala la mwenye akaunti. Kanuni za Uingereza zinakubali akaunti ya mwombaji mwenyewe, ya mwenza wake, au ya mzazi ama mlezi wa kisheria, basi. Baba mdogo aliyekulea tangu darasa la kwanza, na ambaye nyumbani hakuna anayemwita vinginevyo ila baba, kwa kanuni hizo si mzazi, isipokuwa kuna hati ya kisheria inayomtambua kuwa mlezi. Fedha yake inaweza kuhamishiwa kwa mwanafunzi, mradi ikae siku zile 28 katika akaunti mpya. Akaunti ikiwa ya mzazi mwenyewe, kinahitajika cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na barua ya mzazi inayothibitisha uhusiano wao na kuridhia fedha itumike. Mama ambaye cheti kinamtaja kwa jina la ubatizo na benki inamjua kwa jina la ukoo wa mumewe ashughulikie tofauti hiyo kabla ya kuomba, maana afisa hana wajibu wa kukisia kwamba ni mtu yuleyule.

Marekani haina hesabu ya siku kama hiyo. Chuo chenyewe hudai ushahidi wa gharama za mwaka wa kwanza kabla ya kutoa I-20, yaani fomu ambayo mwanafunzi huitumia kuomba viza, kisha afisa wa ubalozi huuliza ana kwa ana nani analipa na anapataje kipato. Kwa mtoto wa mfanyabiashara wa viazi, majibu ya dakika chache yanayoendana na karatasi huwa na uzito mkubwa.

Ujerumani imechagua njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya wazi kuliko zote. Mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini anayeishi huko hufungua akaunti iliyofungiwa na kuweka humo gharama za mwaka mzima, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Hawezi kuzichota zote kwa mkupuo. Akishafika hulipwa euro 992 kila mwezi. Kwa njia hii ushahidi na matumizi vinakuwa kitu kimoja, na ile desturi ya kuazima fedha kwa ndugu ili ipigwe mhuri kisha irudishwe inakosa nafasi.

Hata hivyo, malipo hayo hayaanzi siku ya kutua. Kwa kawaida mwanafunzi hutakiwa kwanza kufungua akaunti ya kawaida ya benki kule, na mara nyingi benki hutaka uthibitisho wa anwani, ambao hupatikana baada ya kupata chumba na kujiandikisha katika ofisi ya mji. Mwenye chumba naye hudai dhamana, ambayo kwa sheria ya Ujerumani inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za joto na huduma nyingine. Kwa hiyo mzazi aliyekwisha kutuma euro 11,904 atenge fedha nyingine ya dhamana, chakula na koti zito kwa wiki za mwanzo, na mwanafunzi asafiri nayo kwa namna anayoweza kuifikia bila kusubiri akaunti yoyote ifunguliwe.