Je, wajua kwa nini jengo la benki Nairobi linaitwa Kipande House?

Ukipita Kenyatta Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, utaliona jengo la mawe ambalo maghorofa ya siku hizi yamelipita mbali kwa urefu. Leo ni tawi la benki ya KCB, iliyolinunua mwaka 1976 na kuliacha na jina lake la zamani. Naona ilifanya vyema.

Lilijengwa mwaka 1913, na msanifu wake alikuwa Mhindi, Gurdit Singh. Kazi ya kwanza ya jengo hilo ilikuwa kuhifadhi mizigo ya reli. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli, iliyofika hapo mwaka 1899, na hadi mwaka 1935 hakukuwa na jengo mjini lililolizidi hili kwa urefu.

Jina lilikuja kwa sababu ya mashamba ya walowezi. Mashamba yalitaka vibarua, na kibarua aliyepunjwa au kupigwa alitoroka akatafute kazi kwingine. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, ila Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha hadi vilipokwisha. Tangu hapo kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kubeba kipande: cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, waajiri aliowafanyia kazi na mshahara waliomlipa. Kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ghala la reli likageuzwa ofisi ya kuwaandikisha watu na kuwapa vipande hivyo.

Uzito wake haukuwa shingoni tu. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, huajiriwi kwingine. Ukitoroka, alama za vidole zinakufichua. Hata kudai nyongeza kulikuwa kugumu, maana bosi mpya alikuwa akisoma palepale ulicholipwa na wa zamani. Aliyekutwa bila kipande alitozwa faini au kufungwa jela.

Harry Thuku, mwanasiasa aliyetetea haki za Waafrika, alilipigia kelele jambo hili, pamoja na kupunguzwa kwa mishahara na kodi ya nyumba waliyotozwa Waafrika na serikali. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe, ukamiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21, wanawake wakiwemo.

Bado kipande kiliendelea kwa miaka mingine 25. Sheria mpya ya mwaka 1947 ndiyo iliyoleta kitambulisho cha watu wa rangi zote, na hapo Wazungu nao wakatakiwa kutoa alama za vidole. Walowezi walipinga vikali, wakisema ni kudhalilishwa.