Makaa ya Mawe Tanga: Yanayosemwa na Yalivyo

Malori yanayoingia kwenye viwanda vya saruji vya Pongwe na Maweni na shehena nyeusi chini ya turubai yamezua maneno mengi mjini.

“Hayo ndiyo yanayotuwashia taa.” Siyo. Gridi ya Taifa inategemea zaidi maji na gesi asilia. Hapa mkoani kwetu Mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale, megawati 21 tangu 1964, na ya New Pangani Falls, megawati 68. Makaa ya mawe yanakwenda kwenye matanuri ya saruji.

“Basi ni kuni tu za kiwandani.” Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Klinka, yaani vidonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, haipatikani mpaka malighafi ifikie nyuzi 1,450 hivi za joto. Makaa husagwa yakawa unga laini, kisha hupulizwa ndani ya tanuri, na majivu yake hayazolewi: silika, alumina na chuma vilivyomo huungana na chokaa na kuwa sehemu ya klinka yenyewe. Kwa hiyo shehena ya majivu asilimia 15 ikifuatiwa na ya asilimia 25, maabara lazima ipange upya mchanganyiko wa mawe. Isipofanya hivyo chokaa hupungua, na saruji hukosa nguvu katika siku za mwanzo. Fundi aliyefyatua matofali ataulaumu mchanga wake bure.

“Yanachimbwa nchini, lazima yawe rahisi.” Kutoka mgodi wa Ngaka, Mbinga, mkoani Ruvuma, hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Tanuri la kisasa hula kilo 120 hadi 140 za makaa mazuri kwa tani moja ya klinka, hivyo lori la tani 30 linatosha tani 230 hivi za klinka. Yakinyeshewa, unyevu ukafika asilimia 10, tani 3 za mzigo huo ni maji: yamelipiwa nauli, na yatakula joto tena kukaushwa.

“Si mkaa tu? Tupikie.” Mkaa wa miti umeshatolewa moshi kwenye tanuri la mchomaji. Makaa ya mawe ghafi bado yana lami na salfa. Ukiyawasha jikoni, hewa yake ni sumu. Tafadhali msiyaokote barabarani kupikia.

“Lundo likifuka, limwagie maji.” Maji huishia juu, moto uko ndani. Makaa hujipasha yenyewe kwa kukutana na hewa, na yakipita nyuzi 60 joto hupanda kwa kasi. Yamwagwe kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe kwa tingatinga ili hewa isipenye, na yaliyotangulia kufika yatangulie kusagwa. Kila siku chomeka kipimajoto kirefu sehemu mbalimbali, hasa upande unaopigwa na upepo wa bahari. Ukikuta penye joto, chimbua pale pale, tandaza tabaka jembamba kwenye sakafu ya zege, uyaache yapoe. Yasipelekwe kwenye kinu cha kusagia yangali moto: unga wa makaa ukikutana na kaa linalowaka, kinu hulipuka.