Safari ya kosher milimani, maana yake hasa ni nini

Kosher ni neno la Kiebrania, maana yake ya karibu ni "kinachofaa", yaani kitu kinachokubalika kwa sheria ya Kiyahudi. Sasa mtu akikwambia anataka safari ya kosher, tuseme wiki moja kwa gari kwenye milima ya Rocky huku Colorado, Marekani, usidhani anakuomba umtafutie mgahawa wa chakula fulani. Anakwambia habari ya sufuria zake, moto wake, na ile saa ya Ijumaa jioni ambayo gari lazima liwe limeshazimwa. Hivyo vitatu ndio vinachora ramani, mandhari yanapangwa baada ya hapo. Nalisema hili maana naendesha magari ya watalii hapa Denver, na kabla ya kuja huku nilikuwa mpishi wa wageni mlimani kwetu Moshi, nikadhani najua kulisha watu safarini, kumbe hili lilitaka nijifunze upya.

Tuanze na chakula chenyewe. Kwenye Torati, Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14, mnyama wa kuliwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, vyote viwili kwa pamoja. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala wamepita. Nguruwe kwato zake zimepasuka ila hacheui, ngamia anacheua ila kwato ndio zinamkosesha. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo kambare, kamba, kaa, pweza na ngisi wote nje, ila trauti wa mito ya huku Colorado anapita vizuri kabisa. Ndugu zangu Waislamu mtasema hii si ndio halali tu, na kweli zinakaribiana, kisu kikali, damu hailiwi, nguruwe hapana, lakini msizichanganye. Ngamia ni halali na sio kosher. Halafu nyama ya kosher inachinjwa na Myahudi aliyeisomea hiyo kazi, mapafu yanakaguliwa, mafuta fulani na mishipa inatolewa, nyama inaloweshwa na kutiwa chumvi mpaka damu itoke. Ndio maana bucha ya halali, hata iwe safi vipi, kwa wageni hawa haikusaidii.

Jambo la pili ni nyama na maziwa. Torati imekataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi kwenye maziwa ya mama yake, na kutokana na katazo hilo hawa watu hawapiki nyama na maziwa pamoja, hawali pamoja, na wana vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa mbali mbali. Wakishakula nyama wanasubiri kabla ya kugusa maziwa, wengi kwa muda wa saa sita, wenye asili ya Ujerumani mara nyingi muda wa saa tatu, wa Uholanzi muda wa saa moja, kwa hiyo waulize wenyewe usikisie. Kati ya hayo mawili kuna vitu vinaitwa parve, sio nyama sio maziwa: mayai, samaki, matunda, mboga, nafaka. Kwa mpangaji wa safari hii ina maana kubwa, mkila sandwichi za nyama saa saba mchana, basi yale maduka ya aiskrimu ya Estes Park, mji wa watalii mlimani, watoto watayaangalia kwa macho mpaka saa moja jioni. Familia nyingi nilizobeba mchana wanakula parve au vya maziwa, nyama inabaki ya usiku wakishatulia.

Vitu vya dukani sio shida kama watu wanavyofikiri. Marekani bidhaa nyingi sana za kawaida zina alama ya wakaguzi kwenye pakiti, maarufu zaidi ni U ndani ya duara, ya Orthodox Union, ikiwa na D pembeni jua ni ya maziwa, na hapa Denver baraza la marabi, walimu wao wa dini, lina alama yao ya K. Biskuti, soda, tuna, pasta, siagi ya karanga, unavipata hata supamaketi ya mji mdogo milimani. Nyama, jibini, mkate na divai ndio vya kubeba kutoka Denver, maana ukishapita mji wa Boulder usitegemee. Na saladi, hapo angalia, mdudu haliwi kabisa, letusi na brokoli zinakaguliwa jani kwa jani kwenye mwanga, kwa hiyo kwa safari matango, karoti na pilipili hoho zinaokoa muda.

Sasa tuje kwenye vyombo, hapa ndipo panapotaka akili.

Sheria inasema chombo kinanyonya ladha ya kilichopikwa ndani yake kwa moto, na kinaweza kuitoa kwenye chakula kinachofuata. Ndio maana ile kabini nzuri yenye jiko kamili haina faida unayoidhani, oveni imeshachoma nyama za nguruwe za watu, sufuria hazijulikani historia yake. Wageni wanakuja na jiko lao la umeme la sahani moja, sufuria mbili, kisu, ubao, na roli kubwa la foili. Meza inafunikwa foili, sinki halitumiki moja kwa moja, linawekwa beseni ndani. Wakilazimika kutumia oveni ya kabini chakula kinafungwa foili mara mbili, tabaka juu ya tabaka, pasiwe na upenyo.

Safari yangu ya kwanza na familia ya namna hii, mama wa ile familia alifunga mikono ya vijiko kwa mkanda wa gundi wa mafundi umeme, mwekundu wa nyama, wa bluu wa maziwa. Jumanne jioni mchuzi wa nyama unachemka, mimi kwa mazoea ya mlimani nikachukua kijiko kilichokuwa karibu nikakoroga. Bluu. Yule mama hakupiga kelele, akazima jiko, akampigia simu rabi wao, nikasikia maswali anayoulizwa: kijiko mara ya mwisho kilitumika lini kwenye maziwa ya moto, mchuzi ni kiasi gani ukilinganisha na kijiko. Kijiko kilikuwa cha uji wa maziwa wa Jumatatu asubuhi, yaani saa 24 zimeshapita, na kwa sheria yao ladha iliyokaa muda huo imeshaharibika, kwa hiyo mchuzi ukaliwa, ila kijiko kikafungwa kwenye mfuko mpaka kitakapochemshwa upya. Nilijisikia vibaya sana, lakini pale ndio nilielewa kwamba hii sio hofu ya watu wenye masharti mengi, ni elimu yenye vipimo, ina muda, ina uwiano wa moja kwa sitini, yaani kilichokatazwa kikizidiwa mara sitini kinasamehewa, ina mtu wa kumuuliza saa mbili usiku na akapokea.

Na kama wewe sio Myahudi na ndio mpishi au dereva, kuna mambo matatu ya kujua usije ukaumia moyo bure. Moto au jiko wanawasha wao, wewe unaweza kukoroga na kumenya ila kuwasha waachie, maana chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake kina katazo lake. Divai iliyofunguliwa usiimimine, labda iwe ile iliyopashwa moto kiwandani, nayo chupa huwa imeandikwa. Na nyama ikibaki na wewe bila wao kuwepo inatakiwa iwe imefungwa na mihuri miwili. Hawakushuku wewe, ni utaratibu ule ule hata angekuwa nani.

Halafu Sabato. Inaanza Ijumaa kabla jua halijazama, mishumaa kwa desturi ya wengi inawashwa dakika 18 kabla, inaisha Jumamosi usiku nyota zikionekana. Ndani ya muda huo hakuna kuendesha wala kuendeshwa, hakuna kuwasha moto, kupika, kubonyeza swichi ya umeme, hakuna kubeba vitu barabarani, na hata kutembea nje ya mji kuna mpaka, kama kilomita moja hivi kupita nyumba za mwisho. Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima lazima tuwe makini hapa, kwa sababu Denver mwisho wa Juni jua linazama kama saa mbili na nusu usiku na Desemba halifikishi saa kumi na moja jioni. Mlimani jua linajificha nyuma ya kilele mapema zaidi, hilo lisikuchanganye, wageni wanafuata saa zilizoandikwa kwenye kalenda ya mji ule.

Kwa hiyo mimi napanga kuanzia Ijumaa kurudi nyuma. Naamua kwanza Sabato tutalala wapi, na kwa barabara hizi jibu langu mara nyingi ni miji ya Aspen au Vail, kwa sababu Chabad, jumuiya ya kidini ya Kiyahudi, wana vituo vyao huko, kuna sala, na sala ya jamaa inahitaji wanaume kumi ambao porini huwapati. Hoteli iwe umbali wa kutembea kwa miguu, chumba cha chini asihitaji lifti, na muulize mapokezi kama kuna ufunguo wa chuma, maana kadi ya umeme Sabato haitumiki, pia taa za ukumbini zinazojiwasha mtu akipita ni tatizo. Ikishapatikana hiyo ndio narudi: Jumapili kutoka Denver, usiku mbili Estes Park, Jumanne barabara ya juu mlimani ya Trail Ridge Road kushukia Grand Lake, Jumatano mji wa Leadville, Alhamisi njia ya mlimani ya Independence Pass kuingia Aspen. Ijumaa hatuendi popote. Wengine wanaona ni siku imepotea, mimi naona ndio siku inayoshikilia safari nzima, maana milima hii Julai mchana ina radi na mvua za ghafla, mawe yanaanguka barabarani, foleni ya muda wa saa mbili ikiwa Alhamisi ni usumbufu tu, ikiwa Ijumaa jioni familia inalala ilipokwama.

Trail Ridge yenyewe ina kilomita 77, inapanda mpaka mita 3,713, karibu sawa na kambi ya Horombo kwetu Kilimanjaro, tofauti ni kwamba Horombo unafika siku ya pili kwa miguu na mwili umeshazoea, hapa unafika kwa gari asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo maji mengi na usiwaharakishe wazee. Inafungwa na theluji kuanzia Oktoba hivi mpaka mwisho wa Mei, Independence Pass nayo kuanzia Novemba hivi. Urefu unagusa hadi sufuria. Leadville iko mita 3,094, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, na chakula cha Sabato mchana ni cholent, maharage, shayiri, viazi na nyama vinavyokaa kwenye sufuria ya umeme tangu Ijumaa, kwa sababu Jumamosi hakuna kupika. Maharage ya mlimani yasipoloweshwa tangu Alhamisi usiku hayaivi, na yakigoma hakuna wa kuongeza moto.

Kiangazi Colorado kuna makatazo ya moto msituni kwa ajili ya ukame, mkaa na kuni mara nyingi haviruhusiwi, jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia kwa kawaida linaruhusiwa, kwa hiyo usimwahidi mgeni nyama choma kabla hujaangalia tangazo la wilaya husika. Na dubu. Gari la kosher limejaa chakula kuliko gari lolote la kitalii, deli la barafu, mikate, kuku waliopikwa, na dubu wa huku wanafungua milango ya magari, kwa hiyo usiku kila kitu kinaingia ndani au kwenye makabati ya chuma ya kambini.

Kuangalia kalenda pia ni lazima. Kuna siku tisa za maombolezo ya hekalu la Yerusalemu, zinaangukia Julai au Agosti, ambapo wengi hawali nyama wala kunywa divai isipokuwa Sabato, na siku ya tisa ni ya kufunga. Baada ya hapo shule zao za dini zinafungwa kwa likizo, na ndipo familia nyingi zinatoka, kwa hiyo vyumba vya wiki hizo tafuta mapema.

Denver kuwa mlango wa safari hizi sio bahati tu. Mwanzo wa karne iliyopita watu wa kifua kikuu walikuja huku kutafuta hewa ya milima, na mwaka 1904 Wayahudi maskini, wengi wahamiaji wa Ulaya Mashariki, wakaanzisha hospitali yao pembeni ya mji, jiko likiwa kosher, kwa sababu mgonjwa wa imani hiyo angeona bora alale njaa. Leadville nako kuna sinagogi la mbao la mwaka 1884, la enzi za migodi ya fedha, leo ni makumbusho, nalo nawapeleka kila mara.

Kule juu Trail Ridge huwa nasimamisha gari bila kuambiwa. Kuna baraka wanaisoma wakiona milima mikubwa ambayo hawajaiona kwa siku thelathini, wanamsifu Mungu kwa kazi ya uumbaji, mzee mmoja aliisoma kofia ameishika kwa mkono mmoja upepo usiichukue, wajukuu wakaitikia amina, nami nikaitikia. Halafu Jumamosi usiku Aspen, kama saa tatu na nusu, nyota zimetoka, kuiaga Sabato wanawasha mshumaa wa kusukwa, wananusa karafuu, wanauzima kwenye divai. Dakika kumi baadaye simu yangu inaita: kesho tunatoka saa ngapi?