Watoto 43, lakini kati ya wangapi?

Ukiniuliza ni namba gani ya watoto wa Tanzania ningetamani kila abiria wa daladala aijue, nitakujibu 24. Siyo 43, ingawa 43 ndiyo inayotangazwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2015/16 ulikuta 67. Hiyo ni hatua kubwa, na wanaoisifia hawakosei. Ila kati ya hao 43, 24 hufariki mwezi wa kwanza, na utafiti wa 2015/16 ulikuta 25. Yaani karibu nafuu yote imewafikia waliokwishavuka mwezi; mtoto mchanga yuko palepale. Chandarua, chanjo na dawa mseto ya malaria humfaa zaidi aliyekua kidogo. Aliyezaliwa njiti au asiyelia baada ya kutoka anahitaji mkunga mwenye ujuzi, joto na vifaa vya kumsaidia kupumua, tena dakika hizohizo.

Hakuna aliyeificha taarifa hii. Imelala tu kwenye jedwali, ndani ya ripoti ya Kiingereza yenye mamia ya kurasa, faili la kumaliza bando la mtu. Kazi yangu ni kuitoa humo. Njia ninayoiamini kuliko zote ni karatasi moja ya A4 yenye vidoti 1,000, mistari 25 ya vidoti 40. Kila kidoti ni mtoto mmoja: 24 waliofariki mwezi wa kwanza ni vyeusi tii, 19 waliofariki baadaye ni vya rangi ya machungwa, vilivyobaki kijivu. Ukiibandika ukutani watu husogea na kuanza kuhesabu kwa kidole. Sijaona bado mtu akihesabu asilimia 4.3 kwa kidole.

Maswali yao ndiyo hunipa kazi. Kwenye ofisi moja ya serikali ya mtaa kule Buguruni, mama mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, hawa weusi ni wa hapa kwetu?" Nikamjibu, "Hapana mama, ni wa nchi nzima." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Utafiti wa aina hii huhoji kaya chache zilizochaguliwa kwa kura, zinazotosha kuisemea nchi na, kwa mambo mengi, mkoa. Mtaa hauwezi kuusemea. Sensa hufika mpaka mtaani, lakini haimpimi mtoto urefu wala uzito. Daftari la kliniki linawajua watoto wa mtaa, ila wale tu waliopelekwa kliniki. Anayekuletea asilimia ya mtaa wako, muulize kwanza ameigawanya kwa nani.

Swali hilohilo lingeokoa vichwa vya habari vingi. Chukua mimba za utotoni: mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Ukiandika "asilimia 22 ya wanafunzi" umeshapotosha, maana humo wamo waliomaliza shule, walioacha, walioolewa, na wa miaka 18 na 19 ambao kisheria si watoto tena.

Dar es Salaam nayo ina mtego wake. Kwa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, Iringa ndiyo hutajwa, na inastahili kutajwa: zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Sisi tuko chini ya hapo, basi tunajiona tumepona. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Hata asilimia ndogo ya watoto wa umati huo ni watoto wengi mno, kwa hiyo kila ninapoweka asilimia ya Dar naweka na idadi pembeni.

Vijana wananisumbua zaidi. Sera yetu inawahesabu kuanzia miaka 15 hadi 35, Umoja wa Mataifa 15 hadi 24, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 16 yumo kote. Ndiyo maana umri, mwaka na chanzo naviandika ndani ya picha yenyewe, kwa herufi za kusomeka kwenye simu ndogo. Ikishafowadiwa mara mbili tatu WhatsApp, maelezo ya chini huwa yameshapotea.