Vizimba vya molekuli: siri si nguvu, ni kuachia

Yeyusha kwenye maji aina mbili za molekuli za kikaboni, tia chumvi ya chuma, pasha moto kidogo, kisha subiri. Maji yanageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Hakuna mtu aliyeshika kipande na kukiunga na kingine, lakini humo sasa vinaelea vizimba visivyohesabika, kila kimoja na umbo la piramidi ya nyuso nne za pembetatu, kila kimoja kimetokana na vipande 22. Kwenye pembe zake zimekaa ioni (atomi zenye chaji) 4 za chuma. Kingo 6 zimetokana na molekuli 6 ndefu, kila moja imenasa molekuli fupi mbili, moja kila ncha. Kizimba hiki kilielezwa mwaka 2008 na kundi la mwanakemia Jonathan Nitschke, na kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika kemia. Ndiyo maana inaniuma kuona vizimba vya aina hii vikielezwa visivyo, kwa madai kama haya yafuatayo.

"Ni bahati tu, au basi molekuli zina akili."

Si hili wala si lile. Maelekezo yamo ndani ya maumbo yenyewe. Ioni ya chuma katika kizimba kile inataka kushikwa na nitrojeni 6. Kila ukingo unaofika kwenye pembe unaleta nitrojeni 2, kwa hiyo kingo tatu zinaishibisha. Kingo ni ngumu, hazipindi zikarudi kwenye ioni ileile, hivyo kila moja inalazimika kwenda kutafuta ioni nyingine. Fuata masharti hayo mpaka mwisho na utafika kwenye piramidi.

Mwanakemia Makoto Fujita wa Japani alianza na paladi, metali ambayo ioni yake hushika vitu vinne katika mpangilio wa mraba. Aliziba nafasi mbili kwa molekuli ndogo, zikabaki mbili zilizo wazi, zenye pembe ya nyuzi 90 kati yake. Mwaka 1990 alizipa vijiti, yaani molekuli ndefu zilizonyooka, akapata mraba. Mwaka 1995 alizipa molekuli bapa za pembe tatu, ioni 6 kwa molekuli 4, akapata kizimba chenye uwazi ndani.

Mfano unaonishangaza zaidi ni wa mwaka 2010, kutoka kundi lake hilohilo. Walitumia vijiti vilivyopinda vya aina mbili, wakabadilisha uwiano wake kidogo kidogo ili pembe ya wastani ya mpindo ipande. Hadi nyuzi 131, kilichojengeka ni tufe la paladi 12 na vijiti 24. Kuanzia nyuzi 134, ni tufe la paladi 24 na vijiti 48. Hapakuwa na maumbo ya katikati. Nyuzi tatu tu za mpindo, na jengo zima linakuwa kubwa maradufu.

"Ili kizimba kiwe imara, miungo yake lazima iwe na nguvu isiyovunjika."

Dhana hii inasikika ya kiakili kabisa, na ndiyo inayoficha kiini cha jambo lenyewe. Fikiria ukuta ambao kila tofali linaganda milele pale linapogusa. Tofali la kwanza likikaa upande, hakuna marekebisho, na kosa moja linazaa kumi. Molekuli kwenye myeyusho zinagongana ovyo, kwa hiyo mwanzoni karibu kila muungo unaotokea si wa mahali pake. Dakika za kwanza ndani ya chombo ni vurugu: minyororo mifupi, vipande nusu, vifundo.

Kinachookoa hali ni kwamba muungo kati ya paladi na nitrojeni ya piridini (pete ya kikaboni yenye nitrojeni moja) unashika lakini pia unaachia. Kipande kilichokaa vibaya kinang'oka, kinajaribu tena. Kilichokaa vizuri nacho kinaweza kung'oka, ila kwa kuwa kimeshikwa pande zote, mkono mmoja ukiachia mingine inakizuia hadi ule wa kwanza urudi. Hivyo makosa yanapungua na vizimba kamili vinalimbikizana. Linganisha na platini, ndugu wa paladi mwenye mpangilio uleule wa mraba. Platini ikishika haiachii kirahisi, na ndiyo maana kujenga nayo kunadai joto na muda mrefu zaidi.

"Mpangilio kutoka kwenye vurugu? Hiyo inavunja kanuni ya pili ya thamodinamiki."

Haivunji. Kanuni hiyo inasema vurugu ya jumla haipungui, lakini ioni na molekuli zinaposhikana, zinatoa joto na kuziachia huru molekuli za kiyeyushi, kama maji, zilizokuwa zimezigandia. Hesabu ni ya mfumo mzima, si ya kizimba peke yake. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini ujenzi unakoma: mnyororo una ncha zenye mikono mitupu, kizimba hakina, na kwa vipande vilevile asili hupendelea vizimba vingi vidogo kuliko jengo moja kubwa.

"Si ndivyo vile vilivyopata Nobel ya 2025?"

Ni jamaa zao. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walitunukiwa kwa mifumo ya metali na molekuli za kikaboni inayoendelea pande zote ndani ya fuwele, bila kikomo. Kizimba kina mwisho. Ni molekuli moja iliyojifunga, na vingi vyao huyeyuka.

"Kizimba hulinda kilichomo kwa kuzuia hewa."

Fosforasi nyeupe hushika moto hewani kwa joto la takriban nyuzi 30 za Selsiasi, kwa hiyo huhifadhiwa chini ya maji. Mwaka 2009 kundi la Nitschke liliiweka ndani ya kile kizimba cha chuma, ikatulia hewani. Wengi wanadhani oksijeni ilifungiwa nje. Haikufungiwa. Tatizo la oksijeni ni nafasi: ikijiunga na fosforasi, kinachotokea ni kikubwa mno kuenea ndani. Tendo halina pa kufanyikia. Ukiongeza benzeni, inachukua nafasi ya fosforasi na kuitoa, na kizimba kinabaki kizima.

"Kumbe ni vyombo vya kuhifadhia tu."

Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi la wanakemia Kenneth Raymond na Robert Bergman lilitumia kizimba cha metali ya gali kuharakisha tendo moja la kikaboni zaidi ya mara milioni moja, kasi inayokaribia ya vimeng'enya. Ila walikumbana na kikwazo: zao la tendo lilipenda uwazi ule kuliko malighafi, likakaa humo na kuziba njia. Ikabidi waongeze molekuli nyingine iungane na zao hilo, ili lisirudi ndani na kizimba kiendelee na kazi.