Kusafisha Baada ya Kimbunga: Maswali ya Wanakikosi na Majibu Yake

Majibu haya ni ya mtu anayejiunga na kikosi cha usafi baada ya kimbunga kikubwa: kukata miti iliyoanguka, kuzoa matope, kutoa vitu vilivyolowa na kubomoa kuta zilizoota ukungu. Tumetanguliza yanayoua haraka.

Kati ya hatari zote, ipi tuiogope kwanza?

Jenereta. Wengi hudhani tutataja nyoka. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Iwekeni nje, angalau mita 6 kutoka mlango, dirisha au tundu lolote, bomba la moshi likielekea pasipo na nyumba. Gereji yenye mlango wazi haihesabiki kuwa nje, wala baraza. Pampu ya petroli na mashine ya kuoshea kwa presha zina moshi uleule.

Kichwa kikianza kuuma, ukahisi kizunguzungu na kichefuchefu, na mwenzako naye analalamika hivyohivyo, tokeni wote kwanza, mengine mtaulizana mkiwa nje. Dalili hizi hufanana sana na uchovu wa kazi, na ndiyo maana mtu hujilaza “apumzike kidogo” asiamke tena. Barakoa ya vumbi, ya aina yoyote ile, haizuii gesi hii.

Umeme umekatika mtaa mzima. Nyaya zilizolala chini bado zina hatari?

Zina hatari. Mwenye nyumba akichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kutenganisha, umeme hurudi kinyumenyume hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma iliyokuwa ikishusha volti sasa inazipandisha hadi maelfu, na waya uliodhaniwa mfu unaua mtu nyumba kadhaa mbele. Kaeni umbali wa mita 10 na zaidi, na mkumbuke kwamba uzio wa chuma au dimbwi linalougusa waya nalo ni waya. Mti uliolalia nyaya haukatwi mpaka shirika la umeme lithibitishe kuwa zimezimwa. Swichi kuu nayo haiguswi na mtu aliyesimama majini.

Mti ulioanguka si rahisi kuukata kuliko uliosimama?

Ni mgumu zaidi, kwa sababu umejaa nguvu zilizobanwa. Kabla ya kuwasha msumeno, tazama gogo limeegemea wapi. Likiwa limeshikiliwa ncha zote mbili na katikati linaning'inia, upande wa juu umebanwa na wa chini umevutika. Ukikata kutoka juu hadi mwisho, mkato utajifunga na kuung'ata msumeno. Kata juu theluthi moja ya unene, kisha malizia kutoka chini. Likiwa limeshikiliwa ncha moja tu, geuza: theluthi ya kwanza chini, kisha malizia juu. Ukikosea hapa, gogo hupasuka kwa urefu na kurusha kipande.

Mti uliong'oka na mizizi yake una mtego wa peke yake. Shina likishatenganishwa na uzito wa matawi, kisiki chenye udongo huweza kusimama tena ghafla na kurudi shimoni. Hakikisha hakuna mtu humo, hata anayepita tu. Mche uliopindwa na kubanwa chini ya gogo mwachie fundi mzoefu, kwani ukiachia hupiga kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa.

Msumeno uwashwe ukiwa chini, breki ya mnyororo imefungwa. Usiguse kitu kwa sehemu ya juu ya ncha yake: ndiyo inayourusha msumeno kuelekea uso wako. Kofia ngumu, kinga ya uso na masikio, suruali ya kinga dhidi ya mnyororo na buti ngumu ni lazima. Mtu asikate akiwa peke yake.

Kitambaa mdomoni kinatosha kwenye nyumba yenye ukungu?

Hakitoshi. Tumia barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, iliyobana uso pande zote. Ndevu huacha mwanya, na hewa chafu hupita hapo bila kuchujwa. Ikilowa au ukianza kupumua kwa shida, vaa mpya. Ongeza miwani ya kinga isiyo na matundu na glovu.

Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu vitu vilowe. Usipoteze muda kusugua jipsamu, godoro au zulia, vitolewe. Jipsamu hunyonya maji na kuyapandisha, kwa hiyo ikate sentimita 30 hivi juu ya alama ya maji, si kwenye alama. Kwenye nyumba ya zamani, subiri ipimwe asbesto (nyuzi za ujenzi zinazodhuru mapafu) na rangi yenye madini ya risasi kabla ya kuvunja au kupiga msasa.

Sehemu ngumu zioshe kwanza kwa sabuni, maana tope huila klorini kabla haijafanya kazi. Kisha changanya robo lita ya klorini ya kufulia kwa lita 4 za maji, isizidi hapo, madirisha yakiwa wazi. Kamwe usiichanganye na dawa yenye amonia au tindikali ya chooni: zote hutoa gesi yenye sumu.

Nimekanyaga msumari. Hauna kutu, niendelee?

Acha kazi. Bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi, kutu haihusiki. Osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kifunike, nenda kituo cha afya. Kwa kidonda kirefu na kichafu, chanjo yenye zaidi ya miaka 5 kwa kawaida huongezewa.

Maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu yana hatari nyingine: Vibrio, bakteria aliyeleta maambukizi ya vidonda baada ya vimbunga Katrina mwaka 2005 na Ian mwaka 2022 huko Marekani. Mwenye ugonjwa wa ini asiingie kabisa majini akiwa na jeraha. Wekundu unaosambaa, malengelenge au maumivu yasiyolingana na udogo wa kidonda ni dharura. Mweleze daktari kwamba kiligusa maji ya mafuriko.

Homa imenijia wiki mbili baada ya kazi. Inahusiana?

Yawezekana. Homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya majini, hujitokeza siku 2 hadi 30 baadaye: homa, maumivu ya misuli hasa ya mashavu ya miguu, macho mekundu. Dawa za kuikinga zipo, lakini huamuliwa na daktari.

Tunywe maji kiasi gani juani?

Robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, na yasizidi lita 1.4 kwa saa, kwani ya kupindukia hupunguza chumvi mwilini. Mgeni wa kazi za joto afanye asilimia 20 ya zamu siku ya kwanza, akiongeza asilimia 20 kila siku. Anayeanza kuongea ovyo au kuyumba ana kiharusi cha joto: piga simu ya dharura, mvue, mmwagie maji baridi papo hapo. Kumpoza kunatangulia kumsafirisha.

Na friji iliyojaa chakula kilichooza?

Usiifungue. Izungushie utepe mpana wa gundi, kisha itolewe na watu wawili ikiwa imesimama.